Chai Iliyokataliwa kwa Kisukuma Safi

Ninyi vijana mnaoanza kazi za kubisha hodi kwa watu, wa afya, wa kilimo, wa sensa, wa Injili, kaeni niwaambie jambo moja kabla kichwa changu hakijaanza kusahau. Mimi ni Mwalimu Kabula, wa hapa Bariadi. Nilifundisha shule ya msingi mpaka serikali ikaniambia inatosha, nami sikuona kama inatosha, nikafundisha tena miaka sita. Safari hii wanafunzi wangu walikuwa vijana wa mashati meupe. Mnawajua. Wanatembea wawili wawili, tai shingoni na jua linawaka, kibao cheusi chenye jina kifuani. Mjini watu wanawaita Wamormoni. Mimi si wa kanisa lao, na hawakuwahi kunisumbua niingie. Walinitafuta kwa sababu vijana wao wengine wanatoka Mbeya, wengine Uganda, wengine Ulaya, na huku kwetu ukitoka mjini kidogo tu Kiswahili kinaanza kuchechemea. Kina mama vijijini wanakisikia, lakini la moyoni wanalisema kwa Kisukuma.

Kila kijana mpya alikuwa na wiki kumi na mbili za mafunzo. Anapangwa na mwenzake aliyemtangulia, huyo ndiye mkufunzi wake. Msidhani mkufunzi ni mtu mzima. Ana miaka ishirini na mmoja, na ndevu zake unaweza kuzihesabu. Halafu wote wanaitwa Mzee, ndicho cheo chao. Mara ya kwanza nilimpeleka mmoja wao kumsalimia jirani yangu, mzee wa kweli mwenye zizi. Jirani akamtazama yule mtoto kuanzia viatu mpaka kichwani, akamuuliza, "Mzee, una ng'ombe wangapi?" Kijana akasema hana. "Mke?" Hana. "Sasa huo uzee umeuokota wapi?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kijana naye akacheka, na toka siku hiyo jirani alimpenda.

Siku yao ilikuwa na ratiba kali kuliko shule zote nilizofundisha. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wameshaamka, wanakimbia barabarani kunyoosha viungo. Wiki za mwanzo mama mmoja muuza vitumbua aliwaona wanakuja mbio, naye akaacha karai jikoni akakimbia, alijua kuna kitu kinawafukuza. Wakirudi wanaoga, wanakunywa uji, wanasoma maandiko, na saa tatu naingia mimi na vitabu vyangu. Saa nne na nusu wako njiani. Hawaachani. Mmoja akienda chooni mwenzake anasubiri nje kama askari. Jumatatu ndiyo siku yao ya kupumua: wanafua, wanakwenda sokoni, wanapiga simu nyumbani.

Kufua nako niliwafundisha mimi. Udongo wetu wa mbuga ukishaingia kwenye kola ya shati jeupe hautoki kwa kulowesha tu. Sabuni ya mche, usugue kola ikiwa na unyevu kidogo, halafu uanike umegeuza ndani nje, maana jua letu linachoma weupe unakuwa njano. Ukitaka kujua wiki ya kijana ilikwendaje, mtazame anavyofua Jumatatu. Aliyepata karibu njema anafua huku anaimba. Aliyefungiwa milango anasugua kola mpaka inatatuka.

Nilianza kazi hiyo na ubao na chaki. Walinicheka, lakini walijifunza. Kisha akaja Mzee Mwaisaka, kijana wa Tukuyu, miaka kumi na tisa, mrefu, mpole, mtoto wa mama muuza ndizi. Mkufunzi wake alikuwa Mzee Okello wa Uganda. Siku ya kwanza Mwaisaka akaweka simu mezani akasema, "Mwalimu, wewe sema tu, mimi nakurekodi." Basi sauti yangu ikaingia kwenye simu. Asubuhi akikimbia, mimi nipo masikioni mwake. Akipiga pasi, nipo. Baada ya wiki tano alikuwa anasema Kisukuma mpaka wanawake sokoni wanageuka kutafuta ni mtoto wa nani amesema. Nimefundisha watoto wengi sana maishani, lakini sikio kama lile sikuwahi kulipata. Niliringa. Nawaambia ukweli, niliringa naye mjini kama mtu aliyenunua baiskeli mpya.

Sasa kulikuwa na tatizo la chai. Kanisa lao linawakataza chai na kahawa, na wanalishika hilo. Huku kwetu mgeni akiingia tu, maji yanawekwa motoni. Vijana wa kwanza walikuwa wanakataa vibaya. "Hapana, sinywi." Mama mmoja kizee alilia mbele yao. Alidhani wanaogopa kikombe chake, wameambiwa na majirani kuwa yeye ni mchawi. Ilibidi niende mwenyewe nikanywe vikombe viwili ndipo akatulia.

Nikasema, hapana, hili nitalimaliza. Nikakaa nikatunga sentensi. Nikaipiga msasa wiki nzima. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Asante sana mama yangu, tumbo limeshiba, usijisumbue, sisi tuko kwenye mwendo." Lakini kwa Kisukuma ilikuwa tamu, ilikuwa na heshima ya mtoto kwa mama, na mtu akiisikia hawezi kuona vibaya. Nikamfundisha Mwaisaka kwanza. Aliisema kama mtu aliyezaliwa hapa Somanda. Nikampigia makofi.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, wajukuu zangu. Lishikeni vizuri.

Mimi nilikulia Binza, kule Maswa, kwa shangazi yangu. Siku moja nikiwa darasa la nne alikuja baba mdogo kutoka nyumbani kwetu. Shangazi akamsalimu, "Mhola?" Hiyo ndiyo kusema habari za huko, kuna amani? Baba mdogo akajibu, "Mhola." Amani. Ng'ombe je? Mhola. Watoto je? Mhola. Akapewa kigoda, akapewa chai, akapewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Akanywa taratibu, akamaliza, akaweka kikombe chini, akasema, "Sasa dada, nimetumwa. Kaka yetu amefariki jana." Huyo kaka alikuwa baba yangu. Nililia, na baadaye nikamkasirikia shangazi, kwa nini aliuliza akaambiwa amani na amani haipo? Shangazi akanieleza. Mhola ya kwanza ni ya mlangoni, kila mtu anaijibu hivyo hivyo. Neno lenyewe linakuja mgeni akishakaa na akishaonja kitu. "Mgeni ambaye hajaonja kitu bado yuko njiani," alisema, "na mtu aliye njiani humtwishi mzigo."

Hilo nililijua tangu utotoni. Nililijua kwa msiba wa baba yangu mwenyewe. Na sikumfundisha Mwaisaka. Nilikuwa na wiki kumi na mbili, nina orodha ya maneno, nikaona hayo yatakuja yenyewe. Nikamfundisha kukataa chai, sikumwambia ndani ya chai kuna nini.

Kiangazi hicho walikuwa wanakwenda kwa mama mmoja upande wa njia ya Lamadi, ukiacha lami unatembea kama saa nzima. Tulimwita Mama Minza, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, binti wa miaka minne. Mumewe alikuwa amehamishia ng'ombe Meatu, huko mbele ya Mwanhuzi, kutafuta malisho. Mama Minza aliwapenda wale vijana kwa sababu Mwaisaka alimsalimia kama mkwe wa hapo kijijini, amepiga goti kidogo.

Siku hiyo hawakwenda kwa miguu. Mkubwa wao alikuwa amekuja kutoka Mwanza kuwatembelea, akawapeleka kwa gari lake, akabaki garini chini ya kivuli akiwasubiri. Mama Minza akaliona gari. Mimi najua kwamba aliliona, maana baadaye alilisema mbele ya watu.

Mwaisaka akauliza, "Mayo, mhola?" Mama, ni amani?

Akajibu, "Mhola, baba."

Akaenda jikoni haraka, akaweka maji motoni. Mwaisaka akaona sufuria, akaona kuni zinasukumwa, akataka kumwokoa mama wa watu na usumbufu. Akasema ile sentensi yangu, neno kwa neno, na sauti ikipanda na kushuka pale pale nilipoipandisha mimi. Asante sana mama yangu, tumbo limeshiba, usijisumbue, sisi tuko kwenye mwendo. Mama Minza akasimama kidogo pale jikoni. Kisha akarudi, akakaa. Wakamfundisha somo lao la siku hiyo, lile la familia, kwamba waliopendana hawaachanishwi na kifo. Wakaomba. Mwaisaka mwenyewe ndiye aliyeomba, akamwomba Mungu awabariki wote waliomo katika nyumba hiyo. Wakaaga, wakapanda gari, wakaondoka.

Nyuma ya pazia alikuwa amelala Minza, homa ya siku ya pili. Simu ya mama haikuwa na chaji. Kijana wa bodaboda wa jirani alikuwa amekwenda gulioni Lamadi. Jioni ndipo alipopatikana mtu wa mkokoteni wa ng'ombe, na mtoto hakufika zahanati. Alifia njiani, mgongoni kwa mama yake.

Vijana hawakujua. Alhamisi walirudi kwa somo linalofuata, wakakuta wanawake wamekaa chini uani na moto wa msiba. Walirudi kwangu wote wawili. Mwaisaka alisimama mlangoni, vumbi mpaka magotini, akasema, "Mwalimu, nilimuuliza. Nilimuuliza mhola, akanijibu mhola."

Nilijua palepale. Sikuhitaji kuambiwa la pili. Nikamwambia, "Kaa, mwanangu." Nikamweleza yote niliyopaswa kumweleza wiki ya kwanza, ya mhola ya mlangoni, ya chai, ya baba mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu. "Kwa hiyo alikuwa anasubiri ninywe?"

Nikasema ndiyo.

Kesho yake tulikwenda msibani watatu. Tulikaa chini na waombolezaji, mimi upande wa wanawake, wao kwa wanaume. Mama Minza alitoka ndani akiwa amefunga kanga kiunoni, macho yamekauka. Akawasalimia vijana, akawauliza mhola. Mwaisaka akajibu mhola. Mwanamke mmoja akapita na uji. Mwaisaka akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akanywa mpaka ukaisha, na uji ulikuwa wa moto, nilimwona jasho likimtoka. Akaweka kikombe chini. Akasogea, akapiga goti mbele ya yule mama, akaanza kwa Kisukuma, kikamkatikia, akamalizia kwa Kiswahili.

"Mama, mimi ndiye niliyekataa chai yako. Sikujua. Gari lilikuwepo pale nje na mimi nikaondoka."

Nilitegemea atatukanwa, na angetukanwa nisingemlaumu mtu. Mama Minza alimtazama muda mrefu.

"Maji yalikuwa yameshaanza kuchemka," akasema. "Nilitaka ukae kidogo tu. Ungekuwa mgeni wa kubabaisha maneno, ningekwambia hivyo hivyo umesimama, maana mgeni hajui. Lakini wewe ulisema kama mtu wa hapa. Nikasema huyu anajua. Kama anajua na amekataa, basi hataki mzigo wangu."

Kijana alilia kwa sauti, kama mtoto, na cheo chake cha uzee na tai yake. Mama Minza akamwekea mkono kichwani. Kisha akamuuliza, bila hasira, ni kama alitaka kujua tu, "Ni nani alikufundisha lugha yetu vizuri hivi?"

Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, wanawake watatu kutoka kwake. Mwaisaka hakuinua macho kunitafuta. Akasema, "Nilijifunza kwenye simu, mayo."

Nami nikanyamaza.

Ningesema nini? Ningesema ni mimi. Ni maneno mawili tu. Mwalimu wa watu, mtu wa kuheshimiwa, watoto wa nusu ya wanawake waliokaa pale nimewafundisha kusoma. Niliona aibu. Nikamwacha mtoto wa miaka kumi na tisa abebe kosa langu mbele ya watu, na njiani kurudi sikumwambia hata asante. Yeye ndiye aliyenibebea mkoba.

Wiki zilizofuata alitaka kurudi kwao. Wakubwa wake walimwambia aamue mwenyewe, hakuna atakayemlaumu. Jumatatu moja nilikuwa nimekaa barazani kwao wakifua, naye akampigia mama yake Tukuyu, simu ameiweka kwenye spika maana mikono ina sabuni. Nikasikia, "Hamjambo huko?" Mama akasema hawajambo. Zamani angeendelea na habari nyingine. Siku hiyo akasema, "Mama, weka hizo ndizi chini. Kaa. Mimi nimekaa, sina haraka." Ndipo yule mama akaanza kusema. Bibi yake alikuwa kitandani toka mwezi uliopita, na walikuwa wamemficha asije akavunjika moyo kazini. Alizungumza naye mpaka sabuni ikakauka mikononi. Akamaliza, akafua kola zake, zote, polepole. Hakuzungumzia tena kuondoka.

Mimi ile sentensi niliifuta. Kila kijana mpya aliyekuja baada ya hapo, somo la kwanza halikuwa salamu, lilikuwa kuomba maji ya kunywa. Niliwaambia: ukiingia, omba maji. Maji hayakatazwi na kanisa lolote. Kunywa polepole. Ukimaliza usifungue kitabu chako, nyamaza, hesabu mpaka mia kama unaona aibu ya kukaa kimya. Ratiba yenu itachelewa, na ichelewe. Walizoea. Mmoja alirudi akaniambia amehesabu mpaka sitini tu, na baba mwenye nyumba akamwambia mkewe ana uchungu wa kujifungua tangu usiku. Walikimbia kutafuta bajaji. Mtoto yule yupo, anacheza. Vijana walioijua habari ile waliniambia, unaona Mwalimu, umelifuta lile kosa. Hapana. Mtoto hafutwi na mtoto.

Mwaisaka alimaliza miaka yake miwili. Walimhamisha Shinyanga, wakamhamisha Musoma, na kabla ya kurudi kwao aliomba ruhusa apite Bariadi kuaga. Alikuja nyumbani kwangu mchana. Nikamuuliza mhola, akajibu mhola. Nikampa maji, akanywa. Nikanyamaza, mimi mwenyewe nikihesabu.

"Nimetoka kwa Mama Minza," akasema. "Nimekuwa nikienda kila nilipopata nafasi. Ana mtoto mwingine sasa, wa kiume."

Nikamuuliza anapokelewaje.

"Anachemsha chai. Anajua sinywi, nilishamweleza sheria yetu, lakini anachemsha, anamimina, anaiweka mbele yangu."

"Na wewe unafanyaje?"

"Nakaa mpaka ipoe, Mwalimu. Ikishapoa kabisa ndiyo naaga."

Alipoondoka nilibaki na ile glasi yake mezani, sikuiosha mpaka kesho yake. Mwaka uleule nikawaambia wakubwa wao watafute mwalimu mwingine, miguu inauma. Miguu haikuwa inauma hivyo.

Nimewasimulia hili ninyi kabla ya kulisema panapostahili, na hiyo nayo si adabu. Mama Minza nakutana naye gulioni. Ananisalimu kwa heshima, mhola Mwalimu, najibu mhola, kila mtu na kapu lake, tunapishana. Amenikaribisha kwake mara nyingi na kila mara nina udhuru, tena nausema kwa Kisukuma kizuri sana.

Nimeshaongea na mtu wa bodaboda, anakuja kunichukua kesho asubuhi. Mimi sina sheria ya kunikataza chai. Nitakaa, nitainywa mpaka chini, kisha nitamwambia.